Moshi Wako Haukutuuza

Dada yangu Zuhura,

Nakuandikia kwa sababu simu yako ina tabia mbaya. Nikigusa tu habari ya siku ile kwenye michikichi, rezo inakufa hapo hapo, Kigoma nzima inakosa mawasiliano. Basi barua haikatiki. Kaa chini uisome polepole, na ukifika mwisho unitukane ukitaka. Mimi tangu juzi nacheka peke yangu kama mwehu, na furaha yenyewe ni yako.

Unaikumbuka pua ya mama? Jioni, mkekani, hajainuka hata kidogo, anasema, "Kwa mama Shabani wanakaanga ndagala. Na si kidogo, leo iko na wageni." Wewe unanituma nikachungulie, nami nakuta kweli dagaa kikaangoni na wageni wamejaa uani. Upepo umetoka wapi, harufu ina nguvu gani, mama anajua ni nyumba ipi na sufuria ni kubwa kiasi gani.

Kila mara unaniuliza hii kazi yangu ya Bujumbura ni kazi gani hasa. Ndiyo hiyo, dada. Nafanya kazi ya pua ya mama, ila mimi nalipwa. Setilaiti inapita juu kila siku, inapima namna mwanga wa jua unavyofifia ukipita kwenye moshi na gesi. Sisi tunachukua vipimo hivyo, tunaviweka kwenye kompyuta pamoja na pepo zilizovuma, tunairudisha hewa nyuma mpaka ilikotoka. Halafu tunakadiria nani katoa kiasi gani: matanuri ya matofali, makaa, malori, mashamba yaliyochomwa. Kutwa nzima tunauliza swali moja tu: huu moshi ni wa nani?

Swali hilo wewe ulijibiwa ukiwa bado msichana, ndani ya boti, na jibu likakukaa moyoni miaka yote hii.

Siku zile za vita tulikuwa tumejificha kwenye michikichi ya babu huku Rumonge, kati ya barabara na milima, sisi na majirani. Mihogo ilikuwapo, lakini mikavu, watoto tukiila inatukwama kooni. Asubuhi ile mimi nililia. Baba mdogo Hamisi akapanda, akaangusha mkungu wa ngazi, yale matunda mekundu ya mchikichi, akakuambia, "Zuhura mwanangu, wachemshie hawa watoto wapate mchuzi." Ukawasha kuni mbichi, hazikuwapo nyingine. Moshi ukatoka mwingi. Nakumbuka mchuzi ule mwekundu mpaka leo, sijala kitu kitamu kama kile tena, hata kwenye harusi.

Hatujamaliza kula, watu wenye bunduki wakashuka kutoka milimani. Walimchukua baba mdogo awabebee mizigo. Hakurudi. Sisi tukakimbilia ufukweni, wewe umenibeba mgongoni mkubwa mzima, tukapata boti ya kuvukia Ujiji. Na humo botini jirani yetu yule akasema mbele ya watu wote, "Moshi ya Zuhura ndiyo ilituuza."

Mama alikuwa amejifunika uso, nadhani hata hakusikia. Mimi nilikuwa bado mgongoni kwako, na nilisikia mgongo wako ukikakamaa.

Sisi tulirudi Rumonge, wewe ukabaki Ujiji. Ukasema ni biashara, ukasema ni mume, ukasema watoto wamezoea shule. Hewala. Lakini nilipokuja kukutembelea nilikuona jikoni. Kuni haziingii kwako. Na hata jiko la makaa, kakitoka kamoshi kadogo unavua kanga mabegani unakapepea, unakatawanya haraka haraka, jicho liko mlangoni. Dada, niliumia. Nilikwenda chooni nikalia, nikarudi nikakwambia pilipili imeniingia machoni. Ukaniamini, au ukajifanya.

Sasa sikiliza. Juzi kazini tulikuwa tunafungua picha za miaka ya nyuma, tulinganishe moshi wa kiangazi wa zamani na wa sasa. Nikaona mwaka ule umo. Siku yenyewe naijua, tunamsomea dua baba mdogo kila ikifika. Nikaanza kuitafuta. Mkubwa wetu wa kazi akasimama nyuma yangu:

"Uko unatafuta nini mu siku ile moja?"

"Moshi ya dada yangu."

Alinitazama, akavuta kiti, akakaa. Tukaifungua pamoja.

Zuhura, ziwa halikuonekana. Kweli nakwambia. Kutoka ng'ambo ya Kongo mpaka milima yetu, na kusini kupita Nyanza-Lac, yote ni blanketi moja la kijivujivu. Walikuwa wanachoma nyika na mashamba huko kusini na magharibi, kama kila kiangazi, na pepo zimeuleta moshi wote ukalala juu yetu. Unakumbuka siku zile milima ya Kongo ilikuwa imepotea kabisa, tukasema ni ukungu? Hakukuwa na ukungu wowote. Ulikuwa moshi wa watu wasiotujua hata kwa jina.

Moto wako niliutafuta. Haupo. Sitakudanganya, setilaiti ile isingeuona hata hivyo, kitone kimoja cha picha kinameza mtaa mzima. Lakini mtu aliyesimama mlimani siku ile asingeona hata michikichi yenyewe vizuri, seuze uzi wa moshi wa sufuria moja.

Na bado kuna upepo. Asubuhi pepo zetu zinashuka kutoka milimani kwenda ziwani, kila mvuvi wa Gitaza atakwambia. Nikaja Rumonge mbio, nikamuuliza mama, "Siku ile Zuhura anapika, wewe ulikaa wapi?" Akajibu pale pale, "Nilikaa upande wa ziwa, na moshi yote ikanijia mimi. Nikamwambia, Zuhura, unapika ngazi ama unanipika mimi?" Ukacheka, anasema. Dakika chache kabla ya yale yote, ulicheka.

Moshi wako ulikwenda kwa mama, dada. Haukupanda mlimani. Wale wenye bunduki waliingia kila shamba siku ile, hata kwa akina Shabani ambao hawakuwasha kibiriti. Hilo tulikwambia mara ngapi, hukutaka kusikia. Nilidhani unaona tunakubembeleza tu. Basi hii si bembelezo, nimeipima kwa kazi ninayolipwa kuifanya, na mkubwa wangu kaikagua, na yeye wala hakujui.

Baba mdogo hatarudi, hilo halijabadilika, na bado linaniuma. Lakini alikwenda akiwa ameshiba mchuzi wako, aliouomba mwenyewe. Waliomchukua ndio waliomchukua. Mimi nimepumua, Zuhura. Sikujua kumbe na mimi nilikuwa nimebana pumzi tangu botini. Nilipomweleza mama akasema, "Alhamdulillahi. Sasa aje anipikie."

Basi njoo. Michikichi ya babu imezaa mpaka inaudhi, ngazi zinaanguka zenyewe. Kuni nimekata, na nimekata mbichi makusudi. Tutakoka moto uani, mchana kweupe, na moshi uende unakotaka, hata majirani wote wakohoe. Mama atakaa upande wa ziwa alalamike.

Kanga yako njoo nayo. Lakini safari hii ujifunge kiunoni.

Mdogo wako,
yule mzigo wa mgongoni