Azimio la Makofi Kuhusu Mawingu

UMOJA WA WAFYATUA MATOFALI, BARABARA YA KASAPA, LUBUMBASHI
Kikao cha dharura, Jumapili 17 Oktoba 1976, jioni, uani kwa Mwenyekiti.
Waliohudhuria: Citoyen Kunda (Mwenyekiti), Citoyenne Mukuka (Katibu), Citoyen Mutale (fundi), Citoyen Ngosa (mlinzi), Mama Kapya na wanachama wengine.
Hakuwepo: Citoyen Chomba. Yuko Kasomeno, kwa sababu ambayo hata mke wake haijui.

KUMB. NA. 1/10/76: MATOFALI YA MAMA KAPYA
Mwenyekiti alieleza kwamba mvua ya Alhamisi iligeuza tope nusu ya matofali mabichi ya Mama Kapya. Mama Kapya alikumbusha kikao kwamba mumewe amefariki, na nyumba ya kampuni lazima aiache mwisho wa mwezi. Alilia. Kikao kilisubiri.
Mlinzi alijitetea kwamba sindano ya chombo cha Mutale cha kutabiri mvua ilisimama kwenye JOTO, akaona ni dalili njema, akaiacha bashi, turubai letu la pekee, imekunjwa.

KUMB. NA. 2/10/76: CHOMBO
Citoyen Mutale, aliyekiunda kwa mkebe wa maziwa na nyaya, alieleza kwamba kikielekezwa juu hupima joto lisiloonekana linaloshuka kutoka angani. BARIDI ni mbingu safi, JOTO ni mawingu. Kelele zilizuka.
Mwenyekiti: "Citoyen, wingu ikikuya tunavaa tricot juu ya baridi! Weye unasema iko moto?"
Mutale: "Wingu iko sawa blanketi, Président. Mu juin, usiku ya mbingu wazi, hatutetemekake na baridi?"
Katibu aliomba maelezo yarudiwe. Yalirudiwa. Katibu alizidi kuchanganyikiwa, wala hakuwa peke yake.

KUMB. NA. 3/10/76: BASHI
Mwenyekiti aliomba bashi iende kwenye kilio cha shemeji yake. Mama Kapya alipinga: "Na yangu yenye kubakia, batayifunika na nini?"
Giza lilishaingia na moshi wa matanuru uliziba nyota, hivyo chombo kiliwekwa uani. Sindano ilikwenda JOTO. Mutale alisema mvua inakuja. Mwenyekiti alisema joto ni joto.
Kwa makofi, kama kawaida yetu, iliamuliwa kwamba kuanzia leo JOTO ni mbingu safi. Mutale hakupiga makofi. Katibu alipiga, na mpaka sasa hajui kwa nini. Bashi iliondoka kwa baiskeli.

KUMB. NA. 4/10/76: MENGINEYO
Mvua ilinyesha. Wajumbe walikimbilia kiwanjani na kumkuta Mama Kapya ametandaza kitenge chake cheusi juu ya matofali. Hakikutosha. Mwenyekiti alimtazama, akavua abakosti yake mpya, akaitandaza pembeni ya kitenge. Wengine wakavua mashati.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa mbili usiku, wote wakiwa wameloa. Kwa kuwa azimio la Kumb. Na. 3 halijafutwa, mbingu bado ni safi.

Kunda, Mwenyekiti (bila koti)
Mukuka, Katibu