Saa Nne Kasoro Dakika Nane

Kamembe, 4 Mei 1999

Dada yangu mpendwa Patricie,

Kabla ya salamu, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu yeyote barua hii, hata Maman Odette aliyekuletea, maana yeye anajua tu kwamba amevusha bahasha katikati ya vitenge vyake. Ukimaliza kusoma, itie kwenye makaa ya mbabula na usimame hapo mpaka iwe majivu.

Sasa nakusalimu. Hamjambo hapo Bukavu? Gracia amepona kikohozi? Na Néhémie, bado anaita kila gari linalopita "papa"? Mimi mwili ni mzima, ila nakula kidogo na nashtuka mtu akigonga mlango.

Umeniuliza mara mbili kwa nini mume wako Jean-Paul havuki tena daraja siku za Jumamosi. Nilikujibu kwamba ofisi imemtuma Kigali kufuata vipuri vya gari. Si kweli. Jean-Paul amefungwa, yuko kasho, hapahapa Cyangugu, tangu tarehe 31 Machi. Yu hai. Jumapili iliyopita nilimwona kwa mbali akifagia uwanja. Nakusihi usiiweke barua chini, nikueleze mambo kwa mpangilio wake.

Unajua kazi yetu ni kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia, nao wako kwa nani na kwenye kilima gani. Mwezi wa Januari ofisi ilinipa kompyuta ndogo ya kubeba, iliyotoka Ubelgiji, nizunguke nayo badala ya madaftari. Jean-Paul anaendesha, mimi naandika. Mashine yenyewe ina ukubwa wa kitabu cha Misa cha padri, na betri yake huchoka baada ya saa mbili, kwa hiyo safari zetu zote zilipangwa kwa kufuata jenereta: Giheke asubuhi, kisha Mibirizi, kuwahi wakati hospitali inapowasha moto wa umeme. Niliifunga kwa plastiki kwa ajili ya mvua, na juu ya plastiki kitenge kwa ajili ya macho ya watu. Nililala mkono wangu ukiwa juu yake. Jean-Paul alinicheka sana. Aliwaambia wanajeshi wa kizuizini kwamba karani ameoa, na mimi aliniuliza, "Shemeji, huyu bibi yako mweusi, tutamutolea ng'ombe ngapi?"

Lakini vilimani hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wakiongea vizuri mpaka nifungue kifuniko na kile kioo kiwake. Huko Nzahaha kuna mama anaitwa Mukamurenzi, anayelea watoto watatu wasio wake. Aliniambia kwamba mwaka ule wa mauaji majina ya bantu ba kwake yaliandikwa kwanza kwenye daftari zuri, na aliona kwa macho yake namna daftari lile lilivyosomwa mlango kwa mlango. Daftari, alisema, mtu anaweza kulichoma. Je, hiki kisanduku kinachomwa namna gani? Nikamwapia kwamba majina yanafunguliwa kwa neno la siri, na neno hilo ninalijua mimi peke yangu. Ndipo akakubali kunitajia watoto.

Tangu siku hiyo nilianza kumshuku kila mtu. Na bwana Kamali alinizidishia shaka. Huyu ni mtu aliyekuwa akija ofisini kila Jumanne. Hakuwahi kutaja ni wa idara gani, na mkubwa wetu humpisha akae kwenye kiti chake. Alinionya kwamba walio msituni na walio ng'ambo wanaitafuta orodha kama yetu, na kwamba mwizi wa orodha huwa ni mtu wa karibu. Mtu wangu wa karibu alikuwa nani, dada? Ni Jean-Paul. Tena alikuwa amenisumbua mara mbili nimtazamie kama jina la Gaju limo, yule binti wa marehemu dada yake. Nilimkatalia kwa sababu sheria inakataza. Alinyamaza njia nzima mpaka Kamembe, na mimi ule ukimya nikauhesabu kuwa hila.

Jumapili ya Matawi, tarehe 28 Machi, tulikuwa Mibirizi. Asubuhi nilimalizia kuandika ndani ya gari, nikafunga kila kitu muda mfupi kabla ya saa tatu, nikaenda kwenye maandamano na Misa. Jean-Paul ni Mpentekoste, hakuingia. Alibaki kwenye gari na kompyuta. Jumatatu nilipoifungua, nilitazama mahali ambapo mashine huandika yenyewe saa ya mwisho ya kuguswa kwa orodha. Ilikuwa imeandika Jumapili, saa nne kasoro dakika nane. Saa hiyo mimi nilikuwa kanisani nimeshika tawi.

Nilimuuliza Jean-Paul alifanya nini wakati wa Misa. Alijibu kwamba alilala. Nikamuuliza tena, akasema, "Nililala, shemeji, nikaota nakula samaki. Unataka na ndoto yangu uiandike?" Kesho yake Kamali alikuja. Nilimwonyesha ile saa. Karatasi ikaandikwa, mimi nikatia sahihi. Jumatano wakamchukua Jean-Paul akiwa anaosha gari, na miguu yake ilikuwa haina viatu.

Kompyuta nayo ikafungiwa kabatini. Waliponirudishia baada ya wiki tatu, niliiwasha nikiwa nasikiliza radio. Radio ikasema ni saa saba. Mashine ikasema ni saa nane. Nilidhani imeharibika. Nikaipeleka Mibirizi kwa yule Sista mzee Mbelgiji anayetunza dawa. Alinieleza huku akicheka, maana hakujua anachonieleza: huko kwao, Jumapili ya mwisho ya Machi, nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja. Waliotuletea mashine waliibadilishia mishale tu, hawakuiambia kwamba imehama nchi, kwa hiyo asubuhi ya Matawi ilijisogeza yenyewe. Hapo nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilipoiwasha kulitokea maneno machache ya Kifaransa katikati ya kioo, nami nikayabonyeza yaondoke bila kuyasoma, kwa kuwa kengele ilikuwa inalia. Saa nne kasoro dakika nane ya mashine ilikuwa saa tatu kasoro dakika nane ya kwetu. Aliyeigusa orodha ni mimi. Hakuna mwingine aliyeigusa.

Dada, ningependa kuishia hapa ili useme ni kosa la mashine. Lakini sijakuambia yote. Siku ile ya Jumanne, Kamali aliniuliza nani mwingine anajua neno la siri. Nikasema hakuna. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, "Basi ni wewe?" Nikamwambia kwamba Jean-Paul aliwahi kuchungulia begani kwangu nikiandika lile neno. Hakuchungulia. Hata siku moja. Kila nilipoliandika alikuwa akigeuzia uso dirishani bila kuombwa, kwa heshima. Ile saa pekee isingemfunga mtu. Kinachomfunga mume wako ni uongo wangu, na sahihi yangu iko chini yake.

Sista ameniandikia karatasi ya kueleza ile saa. Keshokutwa, Alhamisi, naipeleka pamoja na kompyuta, nami nitasema na lile la begani. Sijui watamwachia saa hiyohiyo au watachukua siku. Najua tu kwamba atakayeulizwa tena "Basi ni wewe?" ni mimi, na safari hii sina wa kumtaja.

Nisalimie Mzee Birindwa jirani yenu, na uwabusu watoto wote wawili. Sikuombi unisamehe leo.

Usiniandikie ofisini. Mpe Maman Odette jibu lako Jumamosi, naye alifikishe kwa Uwera, mshonaji wa mlango wa bluu pale sokoni Kamembe. Nimeacha suruali yangu kwake. Uwera akimwambia Maman Odette kwamba niliichukua, ujue niko huru. Nitakuja kulichukua jibu mwenyewe. Akisema suruali bado ipo, vuka wewe mwenyewe Jumatatu, uende kasho kabla ya saa sita, wakati wanapopokea vyakula vya familia. Mlinzi atauliza unamletea nani. Taja jina la Jean-Paul kwanza. Na kama utaweza kutaja na jina langu, basi leta sahani mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Niyonshuti