Nanihii za Mama Fundi

Mwaka mzima umekatika, Mama, tangu uanguke kando ya cherehani yako, na bado tumeduwaa. Asubuhi ile ulikata sare kumi na mbili, ukamkaripia Baba kwa kukanyaga kitambaa. Jioni tukaambiwa hupo. Hupo vipi?

Wateja walikuita Mama Fundi, lakini nyumbani ulikuwa Mama Nanihii. Mkasi nanihii, chaki nanihii, hata mkweo nanihii, na kila mmoja alijua ni yeye anayeitwa. Mteja akinenepa, ulimpanulia gauni ukasingizia kitambaa kimerudi kilipofuliwa.

Wajukuu walipokucheka, uliwajibu: "Nyinyi kila neno yaani, yaani. Nanihii yangu angalau mtu ananiletea mkasi. Yaani zenu zinaleta nini?"

Siku ile saa sita mchana ulimpigia simu kitinda mimba wako, muuguzi. Ukasema, "Nanihii... mwanangu, hii nanihii..." Akacheka. Alikuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni. "Mama, ukilikumbuka jina lake nipigie," akakata. Yeye ambaye kila siku huwaeleza watu dalili za kiharusi: ulimi kuwa mzito, maneno kupotea. Lakini wewe maneno yalikupotea miaka yote. Angejuaje?

Daktari aliuliza kama kuna aliyezungumza nawe mchana ule. Kitinda mimba wako alinyamaza. Amenyamaza mwaka mzima, amekonda, nasi tukadhani ni majonzi tu. Juzi tulipoketi kuandika tangazo hili ndipo akatuambia. Kikombe kilimponyoka Baba. Hakuna aliyeokota vigae.

Mama, sote tungecheka. Kaka mkubwa amekiri kwamba amekukatia simu namna hiyo mara nyingi, hata idadi haijui. Sisi wengine pia. Tumemwambia mdogo wetu hivyo, lakini hafarijiki. Ameomba jambo moja tu, kwamba alikukatia simu akicheka, lisemwe hapa mbele za watu, maana kwako hakuwahi kulikiri.

Basi limesemwa. Unakumbukwa na binti yako aliyepokea simu, ambaye ameomba atajwe wa kwanza. Mumeo, anayekaa na binti huyo kila Jumapili. Wanao wengine watatu, wakwe zako, na wajukuu sita.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama, na yeye hatutamwacha peke yake.