Hatua ya Tano

Jumatatu, 17 Mei 2021
Ofisini Himbi, hapa Goma, saa mbili kamili. Kahawa, kisha kazi. Tovuti ya zamani inazimwa wiki hii, ile ya chama chetu ya kutafutia watu waliopotezana vitani. Mpya ni nyepesi, inafunguka hata kwenye simu mbovu. Tatizo ni anwani za zamani. Zimebandikwa kwenye kuta za makanisa na misikiti mkoa mzima, nani ataenda kuzibandua? Mtu akiandika ya zamani, seva impeleke mahali papya bila yeye kujua.

Kanuni nimeitunga mwenyewe. Seva inahesabu hatua, yaani vipande vya anwani kati ya mkwaju na mkwaju, ile alama ya /. Komini, sehemu kubwa ya mji. Kartiye, mtaa. Avenue, barabara ya nyumba. Hatua ya nne ni jina la mtu, au neno "andika", ukurasa ambao mwandikishaji wetu wa mahali hapo anaingizia majina mapya. Zaidi ya nne ni takataka za wavamizi wa mtandaoni, zitupwe ukurasa wa mbele. Mistari minne tu. Najivunia.

Jumatano, 19 Mei
Papa Kambale, mkuu wetu, alisimama nyuma ya kiti changu. Mzaliwa wa kijiji kimoja huko Butembo, na hakuna siku atakayokuacha usahau.
"Na batu ba ku village, Mwamini? Kule kuko teritware, shefri, grupma..."
Alikuwa akitaja ngazi za utawala wa vijijini, nikamkatiza. "Papa, nimejaribu. Inatembea."
Nilijaribu kartiye tatu za mjini, Ndosho, Himbi na Majengo. Zote safi. Kanuni imewekwa saa kumi jioni.

Ijumaa, 21 Mei
Mama kaenda Kalengera, kijiji cha upande wa Rutshuru, kununua maharagi, kama kila mwisho wa wiki. Kaniachia mchele na lawama: naongea na mashine kuliko na yeye. Kweli.

Jumapili, 23 Mei
Mlima wa volkano ulio juu ya mji umepasuka jana jioni. Huku Ndosho tunakokaa moto haukufika. Lava imekata barabara ya Rutshuru.

Mama alinipigia jana saa kumi, wanapakia lori. Tangu hapo simu yake imezimika. Yuko ng'ambo ya lava, au alikuwa barabarani iliposhuka. Sijui. Naogopa.

Jumatatu, 24 Mei
Kazi inasaidia. Majina yanaingia kutoka kila kartiye, watu wanapatana. Seva haijayumba hata dakika. Kutoka Rutshuru, hakuna jina hata moja. Bila shaka rezo ya kule, mtandao wa simu, imekufa.
Mama hayumo.

Jumatano, 26 Mei
Ardhi inatetemeka mchana kutwa. Jirani kaja kusema kuna lori la maharagi lilionekana Kibati, kwenye barabara ya Rutshuru, muda mfupi kabla ya lava. Nimemfokea. Nitamwomba radhi siku nyingine.

Alhamisi, 27 Mei
Amri ya kuondoka mjini. Mji mzima barabarani, magodoro kichwani. Nimetembea hadi mji wa Sake na kompyuta nimeifunga mgongoni kwa kitenge. Tumelala darasani, mimi na familia ya Papa Kambale na wengine wengi. Miguu imevimba. Ikiwa mama amerudi Ndosho, atakuta mlango umefungwa.

Ijumaa, 28 Mei
Asubuhi nikafungua kumbukumbu za seva kwenye simu, ili tu nisifikiri. Anwani moja imejaa kila ukurasa. Rutshuru ndiyo teritware, Bwisha ndiyo shefri, kisha grupma, kisha kijiji, Kalengera, kisha andika. Tangu Jumapili. Kila siku, alfajiri mpaka jioni. Na kila mara seva imejibu: ukurasa wa mbele.

Nimehesabu kwa kidole. Hatua tano.

Mimi mtoto wa Goma. Nikiulizwa ninakaa wapi natoa vipande vitatu: komini ya Karisimbi, kartiye ya Ndosho, avenue yetu. Nikadhani kila mtu hukaa ndani ya vitatu. Kijijini wana vinne, na jina linakuja la tano. Papa Kambale aliniambia, nikamkatiza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu Safari, mwandikishaji wetu wa Kalengera, amebisha hodi siku sita. Mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Kanuni ni yangu, kosa ni langu, dawa pia ni yangu. Nimeigeuza: sasa seva inaanzia mwisho. Kipande cha mwisho ndicho mtu, au "andika", hata kitanguliwe na vingapi. Safari hii nilijaribu Kalengera kwanza. Ilipita.

Saa moja haikuisha. Majina yakaanza kumiminika, mwalimu alikuwa nayo yote kwenye daftari. La saba: Mama Mwamini, wa Ndosho, mzima, lori halikuondoka. Nililia mbele ya darasa zima. Sina aibu.

Nikamwendea Papa Kambale na kumwambia yote. Akasogea karibu na simu yangu:
"Sasa jaribu na ku kwetu."
Nikajaribu kijiji chake. Imepita.

Jumanne, 8 Juni
Tumerudi Ndosho. Vumbi jeusi juu ya kila kitu. Mama kafika jana, kavuka juu ya lava iliyopoa, nusu gunia kichwani. Wengine waliacha mizigo. Yeye, thubutu.

Leo kakaa uani anachambua maharagi, anasimulia. Walilala shuleni kule Kalengera. Simu yake iliisha chaji, na ya mwalimu ilishika intaneti tu, kupiga haikukubali. Kila asubuhi alimuuliza mwalimu kama jina lake limefika Goma. Mwalimu akasema tovuti inamkataa. Mama akamjia juu.
"Nilimuambia, mutoto wangu ndiye anatengenezaka ile mashini. Iko muzuri. Mubaya ni rezo yako."

Nikamweleza ukweli. Hatua nne, hatua tano, yote. Sijui alielewa kiasi gani. Alitupa jiwe moja kutoka kwenye maharagi, akatupa lingine.
Kisha akanisogezea ungo, nichambue upande wangu.