Kikombe cha Kushoto

8 Februari 1988

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kile kifua kimepona, na sweta ulilonifumia nalivaa chini ya koti, kwa hiyo usiniulize tena kama nasikia baridi ya huku ughaibuni. Mgongo wako je? Huko kufulia hospitalini bado unabeba mashuka yaliyolowa peke yako, au umeshawapigia kelele wakakupa mtu?

Habari yangu ni moja, na inanikera. Unakumbuka nilikuandikia kwamba tangu Novemba mchungaji amenichagua kushika kikombe kwenye Meza ya Bwana, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tuko wawili. Kulia anasimama mzee mmoja mweupe, dereva wa treni mstaafu, mpole, miguu imemvimba. Kushoto nasimama mimi. Watu wanakuja mbele kwa foleni mbili. Nampa mtu anywe, nafuta ukingo kwa kitambaa, nakizungusha kikombe, anakuja mwingine.

Novemba sikuona kitu. Desemba niliona foleni yangu fupi, nikadhani ni bahati. Januari mtu mmoja alifika karibu yangu, akautazama mkono wangu, akavuka kwenda kulia. Jana wamevuka kumi na saba. Niliwahesabu, Mungu anisamehe, wakati nilitakiwa kuwa naomba. Mmoja wao ni mwenye bucha, yule ambaye mama yake yuko kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Huyo mama namlisha kwa kijiko mara tatu kwa siku, namfuta mdomo, namkata kucha. Mwanawe hataki kikombe nilichoshika mimi.

Wanasema ni huu ugonjwa mpya unaotangazwa redioni. Sasa ugonjwa gani huo unaochagua kusimama kushoto tu?

Halafu kuna utaratibu: divai ikibaki haimwagwi. Aliyeshika kikombe anaimaliza palepale mezani, mbele ya watu. Jana nimemaliza kikombe karibu kizima na tumbo tupu. Nilirudi kitini huku natafuta sakafu kwa miguu. Najua unacheka, cheka tu. Mimi nilicheka nilipofika chumbani, halafu nikalia.

Mlangoni pa kanisa kuna ubao uliochorwa mikono ya rangi zote. Tunasali humo watu wa mataifa kumi na moja. Nilikuwa naupenda sana ubao huo. Sasa naupita haraka.

Mwanao,
Kijiti


24 Februari 1988

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujahama. Wamenipa msaidizi, mvivu wa kupindukia, sasa nabeba mashuka na kumbeba yeye. Na kweli nimecheka. Ukoo mzima hatujawahi kuwa na mlevi wa madhabahuni, wewe ndiye umetufungulia njia.

Lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili kicheko kilikwisha. Uko peke yako huko. Baba yako nilimzika mimi, mama yako nilimzika mimi, nimebaki na wewe tu. Mtu anayekataa kikombe chako leo, kesho atakataa ukae benchi lake, na keshokutwa hatataka upite mtaani kwake. Hayo huanza kidogo kidogo. Hicho kikombe mwachie mwingine. Kaa nyuma, sali, fanya kazi yako, uzeeke salama. Mbinguni mambo yatapangwa upya. Hapa chini tunavumilia.

Na usidhani ni huko kwenu tu. Hapa, tangu watu wa kambi ya wakimbizi waje, tulijipanga vizuri. Wao wana foleni yao karibu na mlango, wanaitwa sisi wenyeji tukishamaliza, na wana kikombe chao. Hakuna aliyelalamika. Kanisa limetulia. Wakati mwingine amani ndiyo hiyo, kila mtu ajue pake.

Kula vizuri. Na hiyo divai siku nyingine jifanye imekupalia.

Shangazi yako


11 Machi 1988

Shangazi,

Shikamoo. Mwili mzima, usingizi ndio sina. Kama unasoma umesimama, tafuta kiti kwanza.

Jumapili iliyopita nilichukua kanzu yangu nyeupe kwenye kabati la kanisa, ile tunayovaa wahudumu, nikaivaa. Nilipotia mkono mfukoni nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Maandishi ya herufi kubwa. Nakuandikia yalivyo: "Pasaka usishike kikombe. Hatutaki magonjwa yenu. Kinachobaki unakimaliza wewe, na kutia kitu humo si kazi."

Ibada ilikuwa imeshaanza. Nilishika kikombe huku karatasi iko mfukoni. Walikuja tisa tu upande wangu, wote weusi wenzangu. Ilipofika saa ya kumaliza, nilinusa kwanza. Hebu fikiria, Shangazi, nimesimama mezani pa Bwana nainusa damu yake kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Kisha nikanywa. Siku nzima nilikuwa nasikiliza tumbo langu.

Kabati lile lina ufunguo, kwa hiyo aliyeandika ni mtu wa ndani. Ni mtu niliyepeana naye mkono. Kila anayeniambia "amani iwe kwako" namtazama vidole kama vina wino. Kazini mwenye bucha alikuja kumwona mama yake, nikaangusha kijiko kwa hofu, yeye akakiokota akanipa. Sijui kama ni yeye. Hilo la kutokujua ndilo linanimaliza.

Nimewaonyesha karatasi mchungaji na yule dereva wa treni. Dereva aliisoma, akavua miwani, akanirudishia. Mchungaji uso ulimbadilika rangi. Akasema tusilikuze jambo, nipumzike Pasaka hii moja, kwa ajili ya amani.

Shangazi, hilo ni neno lako. Nilifika chumbani nikaitoa barua yako nikasoma tena pale uliposema amani ndiyo hiyo. Uliandika "tulijipanga". Mimi nakujua, hapo kanisani kwenu hata maua hayahamishwi bila wewe. Ile foleni ya mlangoni aliipanga nani?

Sijaamua bado. Naogopa sana. Lakini nikipumzika mimi Pasaka, mwezi unaofuata ataambiwa nani apumzike?

Mwanao,
Kijiti


22 Machi 1988

Kijiti,

Leo sina salamu za kuzungusha. Nakukataza. Nasema kama aliyekulea, aliyekufundisha kutembea, aliyekunyoa nywele za kwanza. Pasaka usikiguse hicho kikombe. Ugua, vunjika mguu, lala kitandani, sema uongo, nitakuombea msamaha mimi.

Unataka kumwonyesha nani? Wao watakuzika kwa nyimbo nzuri, kisha waende kula. Mimi hata nauli ya kuja kukutazama mara ya mwisho sina.

Hayo ya foleni yetu usiyalete hapa. Kambini kulikuwa na kipindupindu, watu walikufa, tukachukua hadhari. Ni kitu kingine kabisa.

Jana nimeunguza shuka la wodi ya wazazi kwa pasi kwa sababu ya kukuwaza. Miaka kumi na tisa sijawahi kuunguza hata foronya. Nisikilize mara hii tu.

Shangazi yako


20 Aprili 1988

Mwanangu Kijiti,

Wiki mbili na nusu tangu Pasaka na sina hata mstari mmoja. Posta wamenichoka. Karani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia. Kama ulishika kikombe, sitakugombeza, naapa. Chakula hakipiti. Mchungaji wetu amehubiri juu ya kaburi lililo wazi, nikamsikiliza na mimi kaburi ninaloliona ni lako, na limefungwa. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba sisi ni watu wa tumaini. Mimi sasa nina hofu tu, nimejaa hofu hadi kwenye meno.

Niandikie neno moja tu. Andika "nipo".

Shangazi yako


30 Aprili 1988

Shangazi,

Nipo.

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ya Machi ilifika Jumamosi, kesho yake Pasaka. Niliisoma, nikaiweka ndani ya Biblia, na asubuhi nikaenda kuvaa kanzu. Baada ya hapo nilihama chumba, na barua yako ya Aprili ilizunguka ndipo ikanipata jana. Sababu ya kuhama nitakueleza.

Divai ilinimwagikia vidoleni. Sikuwa shujaa, usije ukawasimulia watu hivyo. Nilipochukua kikombe changu nilitaka kukimbia, na mlango niliuona. Nilisema moyoni, Bwana, siamini kama watakuja, mimi nitanyoosha tu mkono. Hilo ndilo tumaini nililokuwa nalo siku hiyo, Shangazi. Lilikuwa dogo namna hiyo.

Yule dereva wa treni akachukua kikombe chake. Foleni yake ilikuwa imeshafika katikati ya kanisa. Akakitazama, akakirudisha mezani, akakifunika kwa kitambaa. Kisha akaja na ile miguu yake iliyovimba, polepole, akasimama mbele yangu, wa kwanza. Alikuwa ameisoma ile karatasi, kumbuka. Alijua inasema nini. Akanywa, tena si kidogo. Akabaki amesimama pembeni yangu watu wote wamwone yuko mzima.

Kikombe kilikuwa kimoja sasa, na mimi ndiye niliyekishika. Viti vikaanza kusogezwa. Walitoka wengi, karibu nusu, wengine wakiwavuta wenzao mikono. Mwenye bucha alitoka. Nao waliobaki wakaja, weusi na weupe, mmoja mmoja. Mchungaji alikuja wa mwisho, machozi yanamtoka, na sijui alikuwa anamlilia nani.

Nakwambia lililonitisha zaidi. Huenda aliyeandika hakutoka. Kuna wawili watatu walikunywa bila kunitazama usoni, na mmoja alishika kikombe kwa nguvu kuliko nilivyokishika mimi. Huenda ni huyo. Nilimpa, nikafuta ukingo, nikamwambia maneno yale yale ninayowaambia wote. Sitajua kamwe, na kila mwezi nitaendelea kumpa.

Jumanne yake nikaitwa ofisini kwenye nyumba ya wazee. Kuna familia hazitaki niwahudumie wazazi wao tena. Kazi imekwisha, na chumba kilikuwa cha kazi. Yule mama niliyekuwa namlisha hawakuniruhusu kumuaga. Sasa nakaa nyuma kwa dereva wa treni, kwenye kijichumba alichokuwa anawekea vyombo vya bustani. Kibali changu kinakwisha Agosti, na bila kazi sijui watanifanya nini. Naogopa kila mtu akigonga mlango.

Swali langu hukulijibu. Sikulaumu. Nauliza tena tu.

Mwanao,
Kijiti


16 Mei 1988

Mwanangu,

Barua yako niliifungua palepale dirishani, nikasoma neno la kwanza, nikaketi sakafuni. Karani alinipa kiti chake. Mwambie huyo mzee wa treni kwamba kuna mwanamke anamtaja kila anapopiga magoti, na aiweke hiyo miguu kwenye maji ya chumvi. Ya Agosti tutayaogopa pamoja, usiyaogope peke yako.

Sasa nakujibu. Ni mimi. Nilisimama kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nikasema habari ya kipindupindu, nikapendekeza foleni ya mlangoni na kikombe cha pili. Wakasema Mama ana hekima. Kipindupindu kambini kiliisha miaka miwili iliyopita. Foleni haikuisha, na mimi ndiye ninayeisimamia, nanyoosha kidole, wewe huku, wewe kule. Mashuka ya wagonjwa wao nafua kwa mikono hii hii na sijawahi kuugua hata mafua. Nilijua. Nilikuwa nakuambia mbinguni mambo yatapangwa upya kwa sababu hapa nilikuwa nimeyapanga nilivyopenda.

Jana kulikuwa na Meza ya Bwana. Nilitoka kitini kwangu mbele, nikatembea hadi mlangoni, nikasimama mwisho wa foleni yao. Kina mama wa chama chetu waligeuka wote. Mbele yangu alikuwa mwanamke anayeuza vitunguu nje ya lango la hospitali. Nanunua kwake kila Ijumaa, na sijawahi kumwambia neno zaidi ya "bei gani". Akageuka, akaniona, akaninong'oneza kwa adabu kabisa: "Mama, umekosea. Foleni yenu ni ile."

Niliona haya hadi masikio yakavuma. Nikabaki nimesimama nyuma yake. Zamu ilipofika alikunywa, akasogea, na mimi nikanywa kikombe kile alichokunywa yeye.

Kesho saa tisa nimeitwa kwenye kikao, na najua ajenda ni mimi. Watanivua uongozi, na baadhi yao ni rafiki zangu tangu ujana. Hilo naliogopa, sikufichi.

Ila kuna jambo limenizuia kulala kuliko kikao. Ibada ilipokwisha nilimfuata yule mwanamke nje nikamuuliza jina lake. Akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mkono kifuani, akaniuliza, "Mama, nimefanya kosa gani?"

Miezi mitatu nimekuwa nikiwaogopa watu wa huko kwa ajili yako. Sikujua kwamba hapa kuna mtu anayeniogopa mimi.

Shangazi yako