Mchoyo wa Tanambao

Dada Zuhura,

Salamu kutoka Mahajanga, ambako joto halina adabu.

Paka wetu Mchoyo alivuka bahari salama, kisha juzi akatoroka. Nilizunguka Tanambao nzima nikilia na kuita, "Mchoyo! Mchoyo!" Mtaani hapa, ukimtoa mume wangu, hakuna anayejua Kiswahili. Jirani mmoja alitoka, akanishika mkono, akanikalisha na kunipakulia wali kwa samaki. Paka alikuwa chini ya meza yake, keshashiba. Yule mama alidhani Mchoyo ni mimi.

Sasa kila asubuhi mtaa mzima unanisalimu, "Mbola tsara, Mchoyo!" Mume wangu hataki kuwasahihisha. Hata mimi sitaki. Ndio watu wa kwanza kuniita kwa jina tangu nihamie.

Nibusie Mama, ila hili usimsomee.

Mdogo wako,
Rukia