Maji ya Chumvi Kwenye Jino la Mama

Shikamoo mshauri, naomba unisaidie maana jambo hili nimelibeba peke yangu na limenielemea. Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno, kazi yangu ni kujaza dawa kwenye mabomba ya sindano, na daktari wangu ni mzee ambaye tangu augue hasikii harufu yoyote, hivyo kabla ya kusafisha mzizi wa jino huniuliza, "Pua yangu, hii ni klorini?" nami nanusa, najibu ndiyo, na hajawahi kuuliza mara mbili. Sasa mama yangu mzazi akaja jino likimuuma, na mama alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini, klorini imemla vidole, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, chochote ila hiyo, nitatapika," nikamwonea huruma, nikajaza maji ya chumvi kwenye bomba la klorini, nikajiambia, kwani si yote yanasuuza tu, na daktari alipouliza nikasema ndiyo.

Miezi mitatu baadaye shavu likavimba, jino likang'olewa, na ndilo lililokuwa limeshikilia meno yake ya bandia. Siku hizi mama anakula akiwa ametugeuzia mgongo, hacheki tena, na alimwambia daktari usoni, "Mzee, mkono wako umekwisha." Tangu hapo kila asubuhi naikuta picha ya eksirei ya lile jino kwenye taa ya ukutani, daktari anaitazama, kisha anatazama mikono yake, na juzi ametutangazia kuwa Ijumaa anavua koti la udaktari, hataki kumuumiza mtu mwingine. Nikisema nitafukuzwa, na mama atajua kuwa ombi lake ndilo lililomponza. Nikinyamaza, sijui nitaishije. Nifanye nini?

Pua ya Daktari

*

Mwanangu, marahaba, na pole. Nimesikitika sana. Lakini acha nikugombeze kidogo, maana umeyataka. Eti yote yanasuuza! Mtu wa kliniki mzima! Maji ya chumvi yanasukuma uchafu tu; klorini ndiyo inayoua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa ndani ya mzizi. Hata ile dawa nyingine ya kuua vijidudu, isiyo na harufu kali, nyama hiyo haiiyeyushi. Ungesema tu, "Daktari, mama anaogopa harufu," angeuziba mdomo kwa kile kipande cha mpira kinachoacha jino peke yake nje, angefungua dirisha, angempumzisha kila mara. Ukaamua peke yako, na mzee wa watu ndiye anayeumia.

Mama usimtwishe lawama. Mgonjwa ana haki ya kuogopa. Yeye aliomba, aliyejaza bomba ni wewe. Mwambie hivyohivyo, akikukasirikia nyamaza, kisha mpeleke akapimwe meno mengine ya bandia, aache kuwapa watu mgongo.

Kufukuzwa? Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Ukibakizwa, kila bomba liandikwe jina la dawa yake kabla halijafika mkononi mwa daktari.

Kesho, kabla mgonjwa wa kwanza hajakaa kitini, ingia, funga mlango, useme, "Daktari, kwa mama niliweka maji ya chumvi." Usianze na machozi, wala na habari za huruma yako. Koti atalivua au hatalivua, hilo ni lake, ila asiondoke akiilaumu mikono ambayo haikukosea. Atakutazama sana, halafu atakuuliza kama una hakika. Mjibu ndiyo, na safari hii iwe kweli.